SOMO LA ROBO HII: Tulikuwa Tunaangalia Pua – Jinsi ya kutambua mafua ya kawaida na nimonia kwa watoto wetu



Msimu wa kipupwe umeingia tena katika nyanda zetu za kati. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku hapa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo mkavu huvuma mchana kutwa na vumbi halina pa kuzuiliwa. Familia hulala zimebanana ili zipate joto, na Jumapili kanisani mahubiri huenda sambamba na vikohozi vya watoto. Huu ndio msimu wa mafua.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika kikao cha kamati, kisha katika vikundi vya akina mama na katika jumuiya. Linahitaji muda wa saa moja hivi, na saa au simu yenye kuonyesha sekunde.

KWA NINI TUMECHAGUA SOMO HILI

Julai mwaka jana tulifika katika usharika mmoja wa vijijini kukagua tanki la maji. Baada ya salamu, na kabla hatujafungua kitabu cha hesabu, mwinjilisti alituomba kwanza twende naye kwenye msiba. Mtoto wa miezi 7 alikuwa amezikwa siku iliyotangulia.

Mama yake alitueleza habari yote kwa utulivu. Mtoto alianza na mafua na kikohozi. Siku ya pili mama alikwenda kwa mzee wa usharika akapewa chupa ya dawa ya kikohozi kutoka katika kabati la kanisa, akamnywesha kama alivyoelekezwa. Siku ya tatu kikohozi kilizidi. Jirani akasema tatizo ni kimeo, basi kimeo kikakatwa, na tangu hapo mtoto akawa ananyonya kidogo sana. Siku ya nne alipumua kwa haraka kutwa nzima, kama mtu aliyetoka kukimbia, lakini kwa kuwa pua zilikuwa zimeanza kukauka walidhani anapata nafuu. Usiku hali ilibadilika. Nauli ya pikipiki haikuwepo. Ilipopatikana kwa kukopa, kulikuwa kumekucha, na mtoto alifia njiani.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mama huyo. Yeye alifanya kila alichoelekezwa. Na ni lazima tuseme ukweli mbele ya wasomaji wetu: dawa ile ya kikohozi ilitoka kwetu. Ilikuwa sehemu ya katoni tulizopewa kama msaada, nasi tukazigawa katika sharika tukiamini tunafanya jambo jema. Tulitoa chupa, lakini hatukutoa elimu.

Wakati wa kuaga, bibi wa mtoto alituuliza: “Wanangu, sisi tulikuwa tunaangalia pua. Kumbe tungeangalia nini?”

Somo hili ni jibu letu kwa bibi huyo. Kwa kifupi ni hili: tusiangalie pua, tuangalie kifua. Watoto wengi wenye mafua na kikohozi hawahitaji dawa ya hospitali. Wachache wanaihitaji, na hao wanaihitaji siku hiyo hiyo. Kazi yetu ni kujua kuwatofautisha.

MAFUA, INFLUENZA NA NIMONIA

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, navyo viko vya aina nyingi sana. Ndiyo maana mtoto akipona mafua ya leo anaweza kupata mengine mwezi ujao. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka si jambo la ajabu. Dalili zake ni pua kutiririka au kuziba, kupiga chafya, kikohozi, koo kuwasha na homa kidogo. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa kidogo kwisha. Kamasi zikibadilika kuwa nzito na za njano au kijani, hiyo peke yake si dalili kwamba mtoto anahitaji antibiotiki.

Influenza, au mafua makali, nayo husababishwa na virusi, ila ni vya aina yake. Huanza ghafla: mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi, jioni analala na homa kali, anatetemeka, anaumwa kichwa na mwili, na hataki kula. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja. Hata hivyo, watoto wa chini ya miaka 5, hasa wa chini ya miaka 2, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata nimonia baada yake.

Nimonia, ambayo wazee wetu wengi huiita kichomi au homa ya mapafu, ni ugonjwa ulioingia ndani ya mapafu yenyewe. Vile vifuko vidogo vinavyopaswa kujaa hewa hujaa usaha na majimaji. Inaweza kuletwa na virusi au na bakteria, na ile ya bakteria huua upesi isipotibiwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto wapatao 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani kote.

Mara nyingi nimonia huanza kama mafua. Hapo ndipo penye mtego. Siku ya kwanza watoto wawili wenye mafua hufanana kabisa. Siku ya tatu mmoja anacheza na mwingine anapigania pumzi, na tofauti hiyo huonekana kifuani kabla haijaonekana mahali pengine.

TUJIFUNZE KUHESABU PUMZI

Mapafu yaliyojaa majimaji huwa magumu kutanuka. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, kwa hiyo anavuta fupi fupi na za haraka. Katika miaka ya 1970 na 1980 daktari wa watoto kutoka Australia, Frank Shann, akifanya kazi Goroka katika milima ya Papua New Guinea, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba hata pasipo picha ya eksirei mhudumu wa kawaida anaweza kumtambua mtoto anayehitaji antibiotiki kwa kuhesabu pumzi zake na kutazama kifua chake. Shirika la Afya Duniani liliifanya njia hiyo kuwa sehemu ya mwongozo wake, na ndiyo inayotumiwa na wauguzi katika zahanati zetu hadi leo. Haihitaji umeme wala maabara.

Hatua ni hizi:

1. Mtoto awe ametulia. Asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala usingizi ni vizuri zaidi. Pua zikiwa zimeziba, zisafishwe kwanza.

2. Mama ampakate, kisha nguo ifunuliwe hadi kifua na tumbo vionekane vizuri. Pawe na mwanga wa kutosha.

3. Tazama kifua au tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja.

4. Hesabu kwa dakika 1 nzima, yaani sekunde 60. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, kwa maana watoto hawapumui kwa mpangilio ulio sawa.

5. Ukipotea katika hesabu, au mtoto akishtuka na kulia, anza upya.

Baada ya kuhesabu, linganisha na umri wa mtoto. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifikia:

– 60 au zaidi kwa dakika, kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (kwa huyu hesabu mara ya pili ili kuhakikisha, lakini usichelewe);
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5.

Tunawashauri wanakamati wazikariri namba hizi tatu, 60, 50 na 40, na kuziandika kwa chaki au rangi mahali panapoonekana katika jengo la usharika.

Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

DALILI ZA HATARI

Zipo dalili ambazo hazihitaji hesabu. Ukiona hata moja kati ya hizi, usisubiri asubuhi:

– sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa;
– mtoto hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu anachopewa;
– amepata degedege;
– amelegea, haamki vizuri au amepoteza fahamu;
– anatoa sauti ya kukoroma au mkwaruzo anapovuta hewa akiwa ametulia;
– midomo au ulimi umebadilika kuwa wa bluu.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ana sheria yake. Akipata homa, au mwili ukiwa wa baridi isivyo kawaida, au akikataa kunyonya, au akipumua haraka, hiyo ni dharura. Kwa umri huo hakuna matibabu ya nyumbani.

Jambo lingine ni homa. Wengi wetu tumezoea kwamba mtoto akichemka ni malaria. Lakini Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na homa nyingi za watoto wetu zinatokana na mambo mengine. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, na wakati huo huo kifua chake kitazamwe. Kumpa vidonge vya malaria kwa kubahatisha kunaweza kuiacha nimonia iendelee.

TIBA YA MAFUA NYUMBANI

Ikiwa pumzi si za haraka na hakuna dalili ya hatari, mtoto atunzwe nyumbani. Hakuna dawa inayoua virusi vya mafua ya kawaida, lakini yapo mengi ya kumsaidia.

Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtoto mwenye pua zilizoziba huchoka haraka, kwa hiyo anyonye kidogo kidogo na mara kwa mara. Aliyefikisha miezi 6 aongezewe vya majimaji: maji safi, uji mwepesi wa ulezi au mahindi, maziwa, mchuzi. Uji ukitiwa ubuyu au karanga zilizosagwa unamjenga zaidi. Asilazimishwe kula sana kwa mara moja, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku ili arudishe uzito.

Pua zisafishwe kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Chukua kitambaa laini na safi, kiloweshe kwa maji safi, kisokote ncha, kisha ondoa kamasi taratibu.

Kwa kikohozi, mtoto aliyetimiza mwaka 1 anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali. Nyanda zetu hazina upungufu wa asali, na kwa kutuliza koo inafaa kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa. Lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyoleta sumu mwilini mwa mtoto mchanga.

Homa ikiwa kali, apewe parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, kama atakavyoelekeza mhudumu. Avalishwe nguo za kumtosha, si kufunikwa mablanketi hadi atoe jasho.

Mama ahesabu pumzi asubuhi na jioni, hadi mtoto apone. Mtoto akizidiwa, au homa ikiendelea zaidi ya siku 2, arudishwe zahanati. Kikohozi kikipita wiki 2 achunguzwe kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa siku nyingi.

MAMBO YA KUACHA

Kukata kimeo. Tunajua jambo hili lina mizizi, na wanaolifanya ni watu wanaoheshimika. Lakini kimeo ni kiungo alichoumbwa nacho kila mtu, nacho hakileti kikohozi. Mtoto akikohoa sana, koo lote huvimba na kimeo kikaonekana kirefu. Kukikata kunaweza kuleta damu nyingi, maambukizi na maumivu yanayomfanya asinyonye, na zaidi ya yote kunapoteza siku ambazo angekuwa anatibiwa.

Antibiotiki za mabaki. Amoksilini iliyobaki ya kaka yake isitumiwe kwa mafua ya mdogo wake. Haiui virusi, na matumizi ya ovyo huwafanya bakteria wawe sugu, hata siku dawa inapohitajika kweli isifanye kazi. Lakini mtoto akiandikiwa dawa kwa nimonia, apewe dozi yote hata kama ameanza kucheza siku ya pili.

Aspirini. Isipewe mtoto mwenye mafua au homa, kwani inaweza kuleta madhara makubwa kwenye ini na ubongo.

Kumdondoshea mtoto mafuta puani. Mafuta yanaweza kuteleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia yenyewe.

Dawa za maji za kikohozi. Nyingi hazimsaidii mtoto mdogo, na baadhi humlevya usingizi hadi mama asione kwamba anazidiwa. Zipo pia zenye hatari kubwa zaidi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa nchini Gambia zikiwa na kemikali za sumu. Watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Chupa nzuri yenye picha ya mtoto anayetabasamu si uthibitisho wa usalama.

BAGAMOYO ILITUONYESHA NJIA

Mtu anaweza kuuliza: je, watu wa kawaida kijijini wanaweza kweli kupunguza vifo vya nimonia? Jibu lilipatikana hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980, wilayani Bagamoyo, Dkt. Mtango na Dkt. Neuvians walisimamia mradi ambao wahudumu wa afya wa vijiji walitembelea kaya, wakawafundisha akina mama dalili za nimonia, na wakawatibu watoto kwa kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Septrin. Taarifa yao ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba katika miaka 2 vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika vijiji hivyo vilishuka kutoka takriban 40 hadi takriban 29 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Hicho ni zaidi ya robo ya vifo vyote.

Siku hizi dawa inayotumika kwanza ni amoksilini, nayo ipo ya vidonge vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama, hivyo hata mtoto mdogo humeza bila taabu. Dawa imebadilika, lakini somo la Bagamoyo halijabadilika: mtoto aliokolewa kwa sababu mtu wa karibu alitambua mapema, na dawa sahihi ilikuwa karibu.

KUZUIA NI BORA

Chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya Hib ndani ya chanjo ya pamoja mwaka 2009, na chanjo ya nimokoko mwaka 2013. Hizi mbili huzuia bakteria wakuu wanaoleta nimonia. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, na ni muhimu kwa sababu surua nayo humwachia mtoto nimonia. Wazee wa usharika wanaweza kuwakumbusha wazazi kuangalia kadi za kliniki siku ya ubatizo.

Moshi. Nyumba zetu za tembe ni imara na zina joto wakati wa kipupwe, lakini nyingi hazina madirisha, na moto wa kuni ukiwashwa ndani moshi hukaa. Mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni huuvuta pamoja na mama yake. Moto uhamishiwe nje au kwenye kibanda cha jiko, na inaposhindikana, tundu la kutolea moshi lifunguliwe na mtoto akae mbali. Jiko la mkaa lisiachwe kamwe ndani ya chumba watu wanapolala, kwani hewa yake huua watu wazima na watoto bila kuwaamsha.

Mengine tunayajua, ila tukumbushane: maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kunawa mikono kwa sabuni, kukohoa kwenye kiwiko, na mwenye mafua kutombusu wala kumpakata mtoto mchanga wa jirani.

TUNACHOOMBA KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Baada ya msiba ule tulikaa na kujitathmini. Tumeamua kwamba ofisi yetu haitagawa tena dawa za kikohozi katika sharika. Zilizokuwa zimebaki katika makabati tumezikusanya na kuzikabidhi kwa mfamasia ili ziteketezwe kwa utaratibu.

Kwa marafiki zetu wa mbali tunasema hivi kwa upendo: tunajua katoni zile zilitumwa kwa moyo mwema, nasi ndio tuliozipokea bila kuuliza. Mkitaka kuokoa mtoto wa kipupwe hiki, tusaidieni kwa mambo matatu: mafunzo ya siku 2 kwa wahudumu wa kujitolea wa kila usharika, saa yenye mshale wa sekunde kwa kila mhudumu, na mbegu ya mfuko wa nauli ya dharura. Havipendezi sana kupigwa picha, lakini ndivyo vilivyokosekana usiku ule.

Kwa kamati za sharika, mfuko wa nauli ni wenu. Uwe na fedha taslimu za kutosha safari moja ya pikipiki kwenda kituo cha afya na kurudi, ukae kwa mtu anayeweza kuamshwa saa 8 usiku, na usidai barua wala sahihi kabla mtoto hajaondoka. Hesabu itaandikwa asubuhi. Ukitumika, ujazwe tena Jumapili inayofuata.

ZOEZI

Soma mifano hii, kamati ijibu kabla ya kutazama majibu.

A. Neema ana miezi 8. Ana mafua na kikohozi kwa siku 2, ananyonya vizuri. Pumzi ni 46 kwa dakika.

B. Yohana ana miezi 18. Ana mafua na kikohozi kwa siku 2, anacheza kidogo. Pumzi ni 46 kwa dakika.

C. Mtoto wa wiki 5 hana kikohozi kikubwa. Pumzi ni 52, lakini tangu asubuhi amekataa kunyonya.

Majibu: Neema ana mafua, atunzwe nyumbani na ahesabiwe tena jioni. Yohana ana pumzi za haraka kwa umri wake. Aende zahanati leo. Mtoto wa tatu aende hospitali sasa hivi. Pumzi zake hazijafikia 60, lakini kukataa kunyonya kunatosha. Angalieni kwamba Neema na Yohana wana namba moja na hukumu mbili. Ndiyo sababu hatuulizi pumzi bila kuuliza umri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika usharika wetu, mtoto akizidiwa usiku, anayeamshwa kwanza ni nani? Ana fedha? Ana namba ya simu ya mwenye pikipiki?

2. Ni nani katika mtaa wetu anayekata kimeo, na ni mzee gani anayeweza kuzungumza naye kwa heshima?

3. Je, kabati la usharika wetu lina dawa? Zilitoka wapi, na nani anajua matumizi yake?

4. Ni akina mama wangapi wanaweza kusema 60, 50 na 40 bila kusoma?

Kikao kinaweza kufunguliwa kwa habari za Yairo katika Marko 5, baba aliyeacha heshima yake ya mkuu wa sinagogi, akapenya katikati ya umati kumtafutia msaada binti yake.

Mwaka huu tulirudi katika usharika ule. Bibi aliyetuuliza swali lile alikuwa ameketi mstari wa mbele katika mafunzo. Hajui kusoma, kwa hiyo alihesabu kwa punje za mahindi, akiweka moja kwenye ungo kwa kila pumzi hadi kijana aliyeshika saa aliposema basi. Alirudia mara tatu kwa watoto watatu. Kisha akamwomba mwezeshaji amhesabie punje 60, 50 na 40, akazifunga katika vitambaa vitatu vya rangi tofauti, akaondoka navyo.

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wetu katika msimu huu.